TAHADHARI: Oili feki ya tingatinga (trekta) Nakuru. Mtungi una sili safi, ndani ni uchafu

Nimekaa na hii kitu wiki mbili nikijiambia niachane nayo, nitaonekana mjinga, lakini jana jirani yangu hapa Njoro akaniuliza oili nilinunua wapi maana anataka kufanya servisi kabla mvua ianze, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemsaidia mwizi. Kwa hivyo someni hadi mwisho na mtumie kila mtu mwenye tingatinga kuanzia Molo mpaka Bahati.

Servisi nafanya mwenyewe. Kamashine kangu ni kadogo, HP 28, silinda tatu, na mita ya masaa ilikuwa inasoma 398. Oili ya injini, ile 15W-40, nilishabadilisha. Ilikuwa imebaki oili ya nyuma, ile moja inayofanya kazi ya giaboksi, haidroliki na breki kwa pamoja, na inaingia lita 23. Nyumbani nilikuwa na lita tano nzuri zilizobaki mwaka jana, kwa hivyo nilikuwa nahitaji mtungi mmoja tu wa lita 20 na filta.

Nikaenda mjini Jumamosi. Jina la duka silitaji kwa sababu niko na OB, namba ya ripoti ya polisi, na nimeambiwa niache polisi wafanye kazi. Lakini wacha niwaambie vile huyo muuzaji alinishika, kwa sababu mimi si mtu wa kudanganywa ovyo.

Niliingia nikauliza haidroliki. Mtu anayetaka tu pesa angenipa ile oili ya haidroliki ya kawaida, namba 68, iliyokuwa mbele yangu hapo kaunta, nilipe niende. Huyu alinizuia! Akaniuliza, "Mama, breki zake ni kavu ama zinakaa ndani ya oili?" Nikamwambia ziko ndani ya oili. Akatingisha kichwa, akasema basi hii 68 usiweke, breki zitapiga kelele na plati zitakwisha haraka, wewe unataka ile oili ya trekta inayobeba giaboksi na breki pamoja. Na hiyo ni kweli kabisa, hata kitabu cha tingatinga yangu kinasema hivyo. Akauliza masaa. Akauliza kama natumia rotaveta, ile ya kutifua udongo. Akaniambia nikibadilisha oili nisirudishe filta ya zamani. Sasa niambieni, mtu kama huyo unaanzaje kumshuku? Alikuwa anaongea kama mtu amelala chini ya trekta miaka mingi.

Halafu akafungua mtungi mbele yangu. Akamimina kidogo juu ya karatasi nyeupe, akainua kwa mwanga wa mlango, nikaona oili imetulia, rangi ya asali ya Baringo, safi. Akanipaka kidoleni nikasugua, inateleza vizuri, haina mchanga, haina harufu ya kuungua. Nikamwambia sawa, nipe huo. Hapo ndipo akafunga kifuniko akasema, "Huu nishafungua mama, siwezi kukuuzia kitu kimefunguliwa, wacha nikutolee mpya stoo." Mimi moyoni nikasema kumbe bado kuna watu wenye heshima. Akaingia nyuma. Akarudi na mtungi kama ule ule, stika ile ile, sili ya karatasi ya fedha juu ya mdomo. Akaupanguza vumbi na kitambaa, nakumbuka vizuri, akaupanguza hata chini ya mkono wa mtungi.

Nikalipa 9,200 ya oili na 1,400 ya filta. Akasema till, ile namba ya malipo ya duka, ina shida ya mtandao, nitume kwa namba ya simu. Nikatuma. Akanibebea mpaka kwa boda, akamwambia kijana afunge vizuri, mama asipate shida.

Nikafika nyumbani nikafanya kila kitu inavyotakiwa. Niliwasha injini dakika kumi oili ipate moto, nikaegesha mahali tambarare, nikashusha rotaveta chini, nikaweka mawe kwa magurudumu, nikafungua nati zote za chini oili ikatoka kwa karai. Nikapaka raba ya filta mpya oili kidogo, nikaikaza kwa mkono. Kufikia kumwaga ile mpya ilikuwa karibu saa moja jioni, na nitasema ukweli, niliona ni nyeusi kidogo ikipita kwa faneli, nikasema ni giza. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa nimeahidi watu kulima Jumatatu.

Nikawasha. Kukatoka mlio mwembamba nyuma, kama nzi ndani ya chupa. Nikainua rotaveta, ikapanda ikitetemeka, ikafika nusu ikasimama. Nikakanyaga breki, mashine yote ikatikisika. Nikazima.

Asubuhi nikatoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili imekuwa kama chai ya maziwa! Mzee wangu akasema pengine maji yaliingia nikiosha. Nikaenda kwa mtungi, kulikuwa kumebaki kama lita moja chini, oili ambayo haijawahi kuingia kwa trekta. Nikaweka kikaango jikoni kikapata moto, nikadondosha tone moja la ile yangu ya mwaka jana. Ikatandaa tu na kutoa moshi kidogo. Nikadondosha tone la ile ya mtungi mpya, ikalia tatatata ikaruka mpaka kwa ukuta. Hayo ni maji. Oili ikiwa na maji hulia hivyo, hata wewe unaweza kujaribu, ila tumia kikaango usichopikia, tone moja tu, na usiweke uso karibu.

Halafu nikageuza mtungi kwa jua. Chini ya mkono, pale pale alipopanguza, kuna maandishi ya kalamu nzito yamefutwa na thina lakini bado yanaonekana ukiinamisha: "saa 310". Mnaelewa? Kuna mkulima mwenzetu aliandika masaa yake kwa huo mtungi akifanya servisi, akauuza mtupu kwa wale vijana wanaopita wakinunua mitungi, na oili chafu pia wananunua wakisema ni ya kupaka nguzo za ua zisiliwe na mchwa. Mimi mwenyewe nimewauzia mara mbili. Nikifikiria hapo nashindwa kulala.

Kumpigia simu, akaniambia trekta imezeeka. HP 28 ya masaa 398 imezeeka! Mara ya pili akanibloki. Jumatatu nikaenda dukani, akaniangalia usoni akasema hajawahi kuniona. Na risiti aliyonipa ni ya kuandikwa kwa mkono, haina jina wala muhuri. Pesa nilijaribu kurudisha kwa 456, ile namba ya M-Pesa ya kurudishiwa pesa, zilikuwa zimeshatolewa.

Huyo mtu afungwe. Sisemi kwa hasira tu, sheria ya bidhaa bandia iko tangu 2008, na kosa la kwanza ni mpaka miaka mitano jela, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya kila kitu alichouza, au vyote viwili. Wampe vyote viwili. Watu wanakopa kununua trekta, mtu analimia majirani elfu tatu kwa ekari ndio alipe mkopo, halafu wewe unamwekea maji machafu kwa giaboksi msimu wa kupanda? Na wale wanaomjazia mitungi pia watafutwe, na anayechapisha hizo sili.

Dalili nazijua sasa. Kifuniko kilizunguka bila ile pete ya chini kukatika. Namba ya toleo haikuwepo, mahali pake pamesuguliwa. Filta ilikuwa kwa boksi zuri lakini yenyewe haina namba, na raba yake ni ngumu kama plastiki. Pesa kwenda kwa namba ya mtu, hiyo ilitosha nitoke. Na ile alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ina namba ya kibali, unatuma SM# na hiyo namba kwa 20023 unajibiwa ni ya nani. Mimi sikutuma. Na jamani, ukionyeshwa mtungi umefunguliwa ukaupenda, beba huo huo.

Nimeshamwaga yote, nimesafisha, nimeweka oili nyingine kutoka kwa wakala, lifti inapanda vizuri lakini breki bado zinalia, fundi anakuja Alhamisi kuangalia plati.

Kama ulinunua mtungi wa lita 20 mjini mwezi huu na ukalipia kwa namba ya simu, usiwashe trekta kwanza, angalia chini ya mkono wa mtungi. Ukikuta maandishi usimwage iliyobaki, weka kwa chupa safi ufunike, uniandikie inbox nikupe namba ya OB tuongeze malalamiko. Na mitungi yenu mitupu toboeni.