Nilimkimbia mbuzi wa nyama, nikanaswa na mbuzi ya nazi

Mimi ni fundi cherehani, Magomeni. Nawapima watu viuno tangu 1998, kwa hiyo habari za inchi usinidanganye. Mteja akiniambia "fundi, nimepungua kidogo, libane hapa," mimi nimeshajua kwa macho kama anasema kweli au anataka gauni limsute barabarani.

Siku moja nilifunga mlango nikajipima mwenyewe. Inchi 43 na nusu. Kesho yake nikapanda mzani wa duka la dawa la jirani, ukaleta kilo 92.8. Urefu wangu ni mita 1.61. Kwa ile hesabu ya BMI, kilo unazigawa kwa urefu wa mita mara mbili, inakuja 35.8, na kuanzia 30 wataalamu hawakuiti tena mnene wa kawaida, wanakuhesabu mgonjwa. Presha nayo ilishaanza kunichungulia. Daktari akasema nipunguze uzito kabla hajaniongezea kidonge cha pili.

Binti yangu ndiye aliyeniletea tangazo. Chakula cha mimea tupu, hakuna nyama, samaki, yai wala maziwa, kinapikwa kwao na kuletwa mpaka mlangoni, milo 20 ya mchana kwa wiki nne. "Kilo 8 kwa siku 28, bila njaa." Jina lao siwataji. Ni wadada wadogo wanaohangaika na maisha kama mimi, na yapo mambo wanayafanya vizuri kuliko hoteli zenye viyoyozi. Ila hela nimetoa, kwa hiyo nasema.

Kifurushi ni shilingi 180,000, unalipa kwa simu kabla. Ambalo halikuandikwa kwenye tangazo ni nauli ya bodaboda, 2,000 kila siku. Piga mara 20, ni 40,000 nyingine. Niliambiwa siku ya kwanza, kijana keshafika, kofia ngumu kichwani, chakula kinanukia. Ungefanyaje? Nililipa.

Kabla sijafika kwenye sahani niseme kuhusu nyumbani, maana nusu ya kazi iko huko. Sisi watu wa Dar neno mboga tumelichakachua. Ukiuliza "leo mboga nini?" unajibiwa "nyama". Kwa hiyo nilipomwambia wifi yangu kwamba sasa nakula mboga tu, Jumapili akanipikia changu wa kupaka, akashangaa sigusi. "Wifi, si umesema unakula mboga?" Nilipomfafanulia akacheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo umekuwa mbuzi?" Binti yangu akaingilia, kwamba wenyewe wanaitwa vegani, na jina hilo lilibuniwa Uingereza mwaka 1944. Wifi akamjibu kuwa bibi yao kule Tanga alikula kisamvu na ugali wiki nzima na hakuna aliyempa jina.

Hilo la mbuzi lishike, tutalirudia.

Chakula chenyewe. Jumatatu wali wa nazi na mbaazi, Jumanne ndizi na dengu, Jumatano dona na kisamvu cha karanga, Alhamisi pilau ya nyama ya soya, na Ijumaa bilinganya na bamia za ukwaju. Wiki inayofuata wanabadilisha mbili tatu, lakini Ijumaa haibadilishwi, na wasithubutu. Hiyo bilinganya nitaiongelea kama mtu anavyoongelea ndoa yake ya kwanza. Wanaichoma kwanza kwenye mkaa mpaka ganda liungue, wanaimenya, wanaipika na nyanya, kitunguu saumu, bizari nyembamba na ukwaju uliochujwa vizuri, bila kokwa hata moja. Bamia wanaitia mwishoni, imekatwa kubwa, kwa hiyo haikutelezei. Ina ule moshi unaoufanya ulimi udhani kuna nyama mahali. Wiki ya pili nilimwonjesha mume wangu. Wiki ya tatu nikawa najificha.

Pilau ya soya ni hadithi nyingine. Vile vipande vikavu vya soya siyo vibaya; protini inafika karibu nusu ya uzito wake vikiwa vikavu, na bei yake ni ya mnyonge. Lakini vina adabu zake. Unaviloweka kwenye maji ya moto yenye chumvi, unavikamua kama unakamua dekio, unasuuza, unakamua tena, ndipo unavikaanga na tangawizi na limau. Wale wadada hawakamui. Ukiuma kipande, maji yanatoka, na maji yale yananuka gunia lililonyeshewa. Niliwaandikia kwenye kundi la WhatsApp. Nikajibiwa na kikaragosi cha moyo.

Mbaazi na dengu zilikuwa tamu, ila wiki ya kwanza tumbo lilinigomea. Nilikuwa nimepiga magoti nampimia bibi harusi mtarajiwa pindo la gauni, mama yake kakaa pale, tumbo likanguruma kama bajaji inayokataa kuwaka. Nikasingizia cherehani. Baadaye niligundua nyumbani kwangu mbaazi nazilaza kwenye maji usiku kucha na yale maji namwaga, na tumbo halisemi kitu. Wao sijui wanaziharakisha vipi.

Sasa uzito. Nilipanda mzani uleule kila Jumatatu asubuhi kabla ya chai. Wiki ya kwanza 91.4. Nikashangilia, nikamtangazia mpaka muuza maji. Wiki ya pili 91.2. Wiki ya tatu 91.9.

Nilikaa na hiyo 91.9 kutwa nzima. Nyama sijagusa, yai sijagusa, hata chai ya maziwa ninayoipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu nimeiacha. Uzito unapandaje? Binti akanieleza kwamba kile kilichotoka wiki ya kwanza kwa sehemu kubwa huwa ni maji, siyo mafuta ya mwili. Haya, yale maji yaende zake. Lakini kwa nini naongezeka?

Nikawapigia simu. Akapokea mmoja, sauti ya upole, "shikamoo mama." Nikamuuliza swali la jikoni, la mwanamke kwa mwanamke: wali na mbaazi za sahani sita mnakuna nazi ngapi? Akasema kwa fahari, "Nazi nne kubwa mama, sisi hatubanii." Marahaba mwanangu. Nyumbani kwangu nazi moja kubwa inatulisha watu watano na tui la pili linabaki. Hapo nilikuwa nakula theluthi mbili za nazi nzima katika mlo mmoja, tui zito kwenye wali, tui zito kwenye mbaazi. Kikombe kimoja cha tui zito kina kalori zisizopungua 400. Kikombe cha maharage yaliyochemshwa, ambacho ni chakula kamili cha kukushibisha, kina kama 225. Mbuzi wa nyama nilimkimbia, kumbe aliyekuwa ananinenepesha ni mbuzi ya kukunia nazi.

Na wao si peke yao, tusiwabebeshe zigo lote. Nilichukua daftari la vipimo vya wateja, nikafungua ukurasa wa mwisho, nikaandika kila kinachoingia mdomoni. Jamani. Mama Shaibu wa jirani anapika maandazi yasiyo na yai wala maziwa, nikawa nakula matatu asubuhi kwa sababu "yanaruhusiwa". Saa kumi jioni mihogo ya kukaanga, inaruhusiwa. Kashata za karanga, zinaruhusiwa. Chai ya rangi vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari: vijiko 15, gramu 60, kalori kama 240 za kukoroga tu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori kama 120, na mihogo ile haikupikwa kwa kijiko. Ukitaka kunenepa kwa mimea pekee, pwani hii ndiyo chuo chake: bajia, kachori, viazi karai, vyote havina mnyama.

Ahadi yao ya kilo 8 kwa siku 28 ni ya uongo, naiita hivyo kwa sababu hata daktari wangu aliniambia lengo ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, ukizidi hapo uwe na mtu anayekuangalia. Siku ya mwisho ya kifurushi mzani ulisoma 91.0. Kilo 1.8 kwa shilingi 220,000. Hesabu mwenyewe kilo moja imenigharimu shilingi ngapi, ni ghali kuliko kilo ya kamba wale wakubwa.

Lakini lililonikera kuliko hela ni jingine. Mteja wangu mmoja alijiunga pamoja nami, yeye ana kisukari, anakunywa vidonge vya kushusha sukari kila asubuhi. Chakula kimeahidiwa saa saba mchana. Siku moja kilifika saa tisa kasorobo, mvua, foleni, kijana kapotea. Yule dada alikuwa kibandani kwangu anasubiri blauzi, akaanza kutoka jasho, mikono inatetemeka, maneno yanamgongana. Nilimkimbizia soda, ile yenye sukari ya kweli, akarudi taratibu. Wakati wa kujiandikisha sisi wote tuliulizwa jina, mtaa, namba ya simu, na kama tunapenda pilipili. Hakuna aliyeuliza "unaumwa nini, unatumia dawa gani?" Huwezi kumuuzia mtu kupungua usimuulize hilo.

Na kuna suala la vitamini B12. Niliuliza kwenye kundi tunaipata wapi, nikajibiwa "mchicha una kila kitu mama." Mchicha naupenda, lakini B12 hauna. Mimea haikupi, wanaoacha vyote vya mnyama lazima wanywe vidonge au wale vyakula vilivyoongezewa. Wiki nne hazikudhuru, mwili una akiba. Ila humo kundini wapo watu wanaosema wanakwenda mwaka wa tatu, na wanapongezwa. Muuza dawa wangu alinipa vidonge, akaniongezea na somo la madini ya chuma: kamulia limau kwenye maharage, na chai isubiri angalau saa moja baada ya kula.

Kundi hilo nalo lina vituko. Kinywaji chao cha tangawizi walikuwa wanakitia asali. Kuna kaka mmoja akaja juu: nyuki naye ni mnyama, mmetulisha mali ya wizi! Ugomvi ukaenda mpaka saa nne usiku, watu wanatajiana mizinga. Mimi nilishakunywa chupa nane, nikanyamaza.

Baada ya kifurushi kuisha sikurudi kwenye nyama moja kwa moja. Niliendelea mwenyewe, Jumatatu mpaka Ijumaa mimea, mwisho wa wiki samaki wa kuchoma. Nazi moja inapika siku tatu, natumia tui jepesi, lile zito anapelekewa mume wangu ambaye kwa wembamba wake ningeweza kumshona kwa mabaki ya kitambaa. Mafuta nayapima kwa kijiko, simimini tena kwa kuinamisha dumu. Matembele, kunde, choroko, mlenda, majani ya maboga na karanga kijiko kimoja cha kutia ladha. Dona ngumi moja. Chai nimeshuka vikombe viwili, sukari kijiko kimoja, na huo ndio msiba mkubwa kuliko nyama. Wiki nane baadaye mzani ulisoma 86.3, futi ikasoma inchi 40 kamili. Nilijipima mara tatu nikidhani futi imelegea.

Kwa hiyo uwaite au usiwaite? Kama una kazi ya kukaa kutwa, huna nafasi ya kupika, na unataka chakula kisafi chenye ladha, waite, wanajua kupika. Vyombo vyao vina mfuniko unaoshika, mchuzi haumwagiki, na chakula hakijawahi kuniharibikia. Kama unataka kupungua, waambie kabisa wali nusu na tui jepesi. Mwenzangu mmoja aliomba wakamkubalia, mimi sikujua kama inawezekana. Kama una kisukari au unanyonyesha, pita kwanza kwa daktari. Alhamisi jifanye umefunga.

Juzi wameniandikia: "Mama tumekukumbuka, tuna ofa." Nikawauliza bilinganya peke yake, bila wali, ni shilingi ngapi. Wakasema 4,000, na bodaboda 2,000. Nikawauliza tena kama mkaa wanautumia wa kawaida au wa vifuu. Wamesoma, hawajajibu. Nimenunua bilinganya tatu na ukwaju wa mia tano, jiko nimeshaliwasha hapo nje ya kibanda, na wifi yupo kwenye benchi anasema hataki kuonja, amepita tu.