DJI Mini 3 kwenye nyanda za juu: uzoefu wangu wa droni ya kwanza ya kazi

Kama uko Mbeya, Njombe, Makete au Iringa na unatafuta droni yako ya kwanza ya maana, ile ya kukuingizia hela na siyo ya kuchezea sebuleni, mimi nakushauri DJI Mini 3, uichukue na rimoti yenye kioo chake na betri tatu. Nimeitumia kwenye harusi, kwenye viwanja vinavyouzwa, kwenye mashamba ya parachichi na chai, kuanzia Uyole mpaka Tukuyu, na juu kule Isyonje kwenye viazi. Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu droni umeandikwa na watu wanaorusha usawa wa bahari. Sisi tuko juu, kuna baridi, kuna upepo na kuna milima pande zote. Hayo manne ndiyo yanayopaswa kuamua unanunua nini.

Nianze na urefu kutoka usawa wa bahari, kwa sababu ndio unaosahaulika. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700. Ukipanda Kitulo unafika mita 2,600, na kilele cha Mlima Mbeya ni kama mita 2,800. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi. Kwa kimo cha Kitulo imepungua karibu robo ukilinganisha na pwani. Propela zinakosa hewa ya kutosha ya kusukuma, kwa hiyo mota zinalazimika kuzunguka kasi zaidi ili droni isimame palepale, na betri inaliwa. Mtengenezaji anaandika dakika 38 kwa betri moja, lakini hicho ni kipimo cha hali nzuri bila upepo. Mimi huku juu napanga kazi ya dakika ishirini na kidogo, na betri ikikaribia asilimia 30 droni inarudi, hata kama bwana harusi ndiyo kwanza anashuka kwenye gari. Ndiyo maana nasisitiza betri tatu. Ukiwa na betri moja utakuwa unafanya kazi kwa wasiwasi tangu unapopaa.

Kuna betri kubwa inaitwa Plus, inayofikisha dakika 51 kwenye karatasi. Wengi wanaikimbilia. Angalia kitu kimoja kabla hujatoa hela: Mini 3 ikiwa na betri ya kawaida imeruhusiwa kupaa kutoka mahali penye kimo cha mpaka mita 4,000, lakini ukiiwekea Plus, ambayo ni nzito, kikomo kinashuka mpaka mita 3,000. Kwa mtu wa Dar hilo halimhusu. Kwa mtu anayetaka kurusha kutoka mgongo wa Rungwe, ambao unakaribia mita 3,000, linamhusu sana. Mimi nilibaki na za kawaida.

Baridi nayo inapunguza nguvu ya betri, na asubuhi za Juni na Julai huku zinafahamika. Betri nazibeba mfuko wa ndani wa koti, siyo kwenye begi. Nikishapaa, naiacha droni isimame hewani usawa wa macho kwa dakika moja hivi ndipo niipe kazi, ili betri ipate joto lake yenyewe. Ukiipeleka mbali kwa kasi ikiwa bado ya baridi, utaona asilimia zinashuka kwa namna ya kutisha.

Sasa upepo. Mini 3 ina gramu 248, na imeandikwa kuwa inahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde. Inahimili kweli, haijawahi kunikimbia. Ila kuhimili ni jambo moja, na kutoa video iliyotulia ni jambo lingine. Saa moja mpaka saa tatu asubuhi, milima ya Uporoto ikiwa imetulia, picha inatoka safi kabisa. Mchana upepo ukishaanza kuvuka mabonde, utaiona droni imelala upande ikipambana, na kioo kinaonyesha onyo la upepo mkali. Hapo mimi nashusha, na mteja namweleza kabla ya siku ya kazi kwamba picha za juu ni za asubuhi au jioni. Jambo la kukumbuka: nenda kwanza upande upepo unakotoka, ili wakati wa kurudi upepo ukusaidie. Ukianza kwa kusukumwa nao unafika mbali haraka, na kurudi ndiko kunakomaliza betri.

Kitu ambacho ningependa kila anayeanza huku kwetu akielewe kabla hata hajafungua boksi ni namba ya urefu inayosomeka kwenye kioo. Ile namba inahesabu kutoka mahali uliporukia. Haihesabu kutoka kwenye ardhi iliyo chini ya droni kwa wakati ule. Ukirukia bondeni, kioo kikaandika mita 80, na mbele yako kuna kilima kinachopanda mita 90, droni inaelekea kwenye udongo huku namba ikionekana nzuri. Na pale ishara inapokatika, droni inajirudisha yenyewe: inapanda mpaka urefu ulioweka wewe kwenye programu, kisha inakata moja kwa moja kurudi ulipo. Mini 3 haina sensa za kuona vizuizi mbele, nyuma wala pembeni, ina za chini tu. Kama kati yako na yenyewe kuna mgongo wa kilima au mkaratusi mrefu kuliko huo urefu, italigonga hilo lililoko njiani. Kwa hiyo kila eneo jipya, kabla ya kupaa, naangalia kitu kirefu kuliko vyote upande ninaokwenda, naweka urefu wa kurudi juu ya hicho. Na nikiweza kuchagua, nasimama juu kilimani, nairusha kutoka hapo na kushuka nayo kufuata mteremko.

Ziwa Ngozi linafundisha hili vizuri kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Unapanda msituni mpaka kwenye ukingo wa kreta, ziwa liko chini yako kama mita 200, kuta zimesimama wima na miti imejaa. Kwanza ni msitu wa hifadhi, ruhusa inaombwa kwa wahusika kabla ya kupanda. Pili, droni ikishuka chini ya ukingo, ukuta na miti vinakaa kati yake na rimoti, na mawasiliano yanaanza kusuasua. Kwa hiyo nilisimama ukingoni kabisa, mahali ninapoiona kwa macho, na nikaipeleka kwanza katikati ya ziwa ndipo nikaishusha kidogo. Ikipoteza mawasiliano ikiwa katikati, itapanda hewani pasipo na kitu. Ikipoteza ikiwa imejibanza ukutani, itapandia matawi. Sikuishusha karibu na maji, kwa sababu sensa za chini hazisomi vizuri uso wa maji. Video niliyopata pale, ukungu ukiwa umeshika upande mmoja wa kuta na maji ya kijani yakianza kuonekana, ndiyo iliyonipa wateja wa kwanza wa utalii.

Kamera yenyewe ndiyo iliyonifanya niache Mini 2 SE, ingawa ile ni nafuu. Mini 2 SE inaishia video ya 2.7K, na sensa ya kamera yake, kile kipande kinachopokea picha, ni ndogo. Mini 3 ina sensa ya inchi 1/1.3 na lenzi ya f/1.7 inayoingiza mwanga mwingi, inarekodi 4K kwa fremu 30 kwa sekunde, na tofauti unaiona jua linapozama nyuma ya Loleza na ukumbi ukaanza kuwasha taa. Picha mnato ni megapikseli 12, unaweza kuzitunza kwa faili ghafi la DNG ukazisafisha baadaye kwenye kompyuta. Kamera inaweza pia kutazama juu mpaka nyuzi 60, kitu kinachosaidia sana kwenye majengo marefu na maporomoko ya maji.

Halafu kuna hili la kuisimamisha kamera wima. Unabonyeza mara moja, kamera inageuka nyuzi 90 na kurekodi picha ya wima kwa sensa nzima, bila kukatakata baadaye. Wateja wangu wengi wanataka ya kuweka statasi ya WhatsApp na TikTok, basi. Kwa biashara ya Mbeya leo, hicho kitufe kimenilipa kuliko sifa nyingine yoyote ya droni hii.

Nunua na filta za ND pia, yaani vioo vyeusi vya kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi. Tundu la lenzi halibadiliki, kwa hiyo jua la saa tano likiwaka juu ya mashamba, kamera inaharakisha shata, yaani kila fremu inapokea mwanga kwa muda mfupi mno, na mwendo kwenye video unaonekana wa kurukaruka. Kwa fremu 25 kwa sekunde natafuta shata ya 1/50 ya sekunde, na ND16 ndiyo inayokaa kwenye lenzi muda mwingi kiangazi.

Upungufu wake nausema wazi. Haiwezi kumfuata mtu au gari yenyewe. Msafara wa harusi unaufuata kwa vidole vyako, na ni kazi ya kufanyia mazoezi uwanjani kwanza. Haina rangi za Log, zile zilizofifia ili uzirekebishe baadaye kwenye kompyuta, kwa wale wanaopenda kuchezea rangi sana. Haina kinga ya maji, na Tukuyu mvua haipigi hodi, hivyo wingu likigeuka rangi nashusha. Tumbo lake liko chini sana, kwa hiyo nyasi ndefu zinagonga propela na vumbi linapanda kwenye kamera. Natandika kipande cha turubai kila mahali. Propela zikipata ufa hata mdogo, badilisha zote mbili za mkono ule, na hakikisha zenye alama zinakwenda kwenye mkono wenye alama.

Mini 4 Pro, iliyotoka Septemba 2023, inatibu mengi kati ya hayo: ina sensa pande zote, inamfuata mtu, ina fremu 60 kwenye 4K. Rafiki yangu anayo na nimeirusha. Ni bora, sibishi. Lakini ilipotoka ilianzia dola 759 na rimoti ya kufunga simu, wakati Mini 3 ya namna hiyo ilianzia dola 559, na huku kwetu kuna usafiri na faida ya muuzaji juu yake. Kwa anayeanza, hiyo tofauti naiweka kwenye betri na filta. Kama kazi yako ni kukimbiza baiskeli kwenye njia za msituni, hapo chukua 4 Pro. Droni nyingine ya DJI, Air 3, ina gramu 720, inatulia zaidi kwenye upepo na ina lenzi ya pili ya kuvuta mbali, lakini hiyo mimi naiona droni ya pili.

Na rimoti yenye kioo, usiidharau. Ile ya kufunga simu inakula chaji ya simu, na simu ikipigwa katikati ya kazi inakuvuruga. Pia programu ya DJI Fly kwa Android inapakuliwa kwenye tovuti ya DJI yenyewe, haipo Play Store, na wengi wanapata taabu hapo.

Vibali. Zile gramu 248 zimewekwa kwa ajili ya sheria za nchi kama Marekani, ambako droni ya kujifurahisha iliyo chini ya gramu 250 haidaiwi usajili. Hapa Tanzania wepesi haukuondolei chochote. Tuna kanuni za droni zinazosimamiwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuna kibali cha Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Fuatilia kabla ya kununua, hasa kama inatoka nje ya nchi, maana forodhani watakuuliza. Ndani ya Hifadhi ya Kitulo hurushi bila ruhusa ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Karibu na uwanja wa ndege wa Songwe usithubutu.

Kuna ruhusa nyingine isiyo ya karatasi. Kwenye harusi moja Katumba, mama mmoja alinifuata akauliza, “Baba, hicho kidude kinaona mpaka chumbani?” Nikamwomba asimame kando yangu, nikampa atazame kioo nikiwa juu ya migomba: mapaa ya mabati, turubai la sherehe, vichwa vya watu. Akatazama kimya, akawaita wenzake. Tangu siku hiyo kila nikifika sehemu nazunguka kwanza kwa majirani, nasalimia, nasema narusha nini na kwa muda gani, na watoto nawaomba wakae mbali na turubai, kwa sababu propela zinakata.

Ukiamua kununua iliyotumika, sharti uione ikiruka mbele yako. Kwenye programu fungua taarifa za betri uone zimechajiwa mara ngapi, na uziangalie kama zimevimba. Sogeza kamera juu na chini kwa kigurudumu cha rimoti, isikwame wala kutetemeka. Na muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako kabla hujamlipa. Duka moja liliwahi kuniuzia iliyobaki imefungwa na akaunti ya mtu mwingine, na kumpata huyo mtu kulichukua muda mrefu kuliko kupata hela ya kuinunulia.