Kebo mpya za ofisi yetu, miezi minane baadaye

Ofisi yetu ina meza tisa na kazi yetu ni kutunza hesabu za fedha za watu. Miezi minane iliyopita tuling'oa kebo zote za mtandao zilizokuwa darini, tukamwita fundi mwingine apitishe mpya. Nimengoja mpaka leo ndipo niandike, maana kazi ya kebo siku ya kwanza huwa nzuri yote. Hata ile ya zamani siku ya kwanza ilikuwa nzuri.

Mwenzetu wa mishahara alikuwa akifungua faili kutoka kwenye seva, kompyuta kuu inayohifadhi mafaili yetu, anakwenda kunywa maji, anarudi, bado linafunguka. Tulimbadilishia kompyuta. Tukanunua ruta mpya, kile kifaa kinachotuunganisha na intaneti. Tukagombana na watu wa intaneti kwenye simu, na sasa naona tuliwaonea. Fundi huyu mpya alipokuja hakuigusa ruta. Aliinama nyuma ya kompyuta, akatazama kitaa kidogo pale kebo inapochomekwa, akasema, "Huyu dada yuko kwenye megabiti 100, wenzake wako kwenye 1,000." Hiyo 1,000, yaani kasi ya gigabiti moja kwa sekunde, inataka jozi zote nne za nyaya zilizomo ndani ya kebo, ile ya megabiti 100 inatosheka na jozi mbili. Kwa hiyo waya mmoja ukikatika, mtandao huenda usife. Unashuka kimyakimya, nawe unalaumu kila kitu isipokuwa kilicho darini.

Kisha akakata kipande cha kebo, akatoa waya mmoja, akaukwangua kwa kisu juu ya meza yangu. Nje rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba! Kebo ya namna hiyo haikidhi kiwango cha Cat5e wala Cat6, yaani madaraja ya ubora wa kebo za mtandao, hata iandikwe nini ubavuni. Alumini hupitisha umeme kwa shida kuliko shaba, hukatika upesi ikikunjwa, na kebo hiyo ikibeba pia umeme wa kuendeshea simu au kamera, hupata joto zaidi. Kile kipande ninacho bado kwenye droo.

Kabla ya kushika bisibisi alizunguka nasi saa nzima na karatasi yenye ramani ya chumba. Nani anakaa wapi, printa iko wapi, mkiongeza watu watakaa wapi. Tukafikia soketi mbili kila meza, moja ya printa, na mbili darini kwa ajili ya vifaa vya waifai: 21 kwa jumla, kwenye paneli, ubao ambapo kebo zote hukutania, yenye nafasi 24. Mimi nilitaka Cat6A, daraja la juu ya Cat6, kwa kuwa nilisikia ndiyo bora. Akapima njia ndefu kuliko zote, ikawa mita 38, akasema Cat6 ya shaba tupu inatosha. Kikomo ni mita 100, yaani 90 za ndani ya ukuta na 10 za vipande vya kuunganishia huku na huku. Fundi anayekataa kukuuzia cha ghali zaidi, mshike.

Nilikaa kumtazama akifunga soketi ya meza yangu. Jozi za nyaya zimesokotwa ili zisiingiliane, na yeye hakufungua msokoto zaidi ya milimita 13. Ya kwanza ilizidi kidogo, akaikata akaanza upya. Kebo za umeme alizikwepa kwa mbali, na pale ilipobidi kukutana alizivusha kama msalaba badala ya kuzilaza sambamba.

Ila kilichonifanya niandike ni vipimo. Fundi wa zamani alikuwa na kile kifaa cha kupimia kebo chenye taa nane. Zikiwaka kwa mpangilio, kazi imekwisha. Taa hizo zinaonyesha tu kwamba waya umefika upande wa pili. Huyu alileta kifaa kinachopima urefu na jinsi mawimbi ya jozi moja yanavyovuja kwenye jozi nyingine, akatuachia karatasi ya kila kebo. Mbili zilifeli. Hakutuficha, alizirudia usiku uleule, akapima tena mbele yangu.

Nina lawama moja, na si ndogo. Ruta na swichi, kifaa kinachounganisha kebo zote, aliziweka kwenye UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, lakini kile kiboksi cha kampuni ya intaneti akakiacha kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Umeme ulipokatika mara ya kwanza, seva ilifikika, printa ilichapa, ila intaneti ilizimika katikati ya kutuma marejesho ya kodi ya mteja. Nilimpigia simu, akaja kesho yake akakihamisha bila kudai chochote. Bado, swali la "nini kitazimika umeme ukikatika" lilipaswa kuwa kwenye ile karatasi yake ya siku ya kwanza.

Nyota nne kati ya tano. Dada wa mishahara, faili lake sasa linafunguka kabla hajainuka kitini, na mwezi ujao tunamrudisha fundi kwa ajili ya meza ya kumi.