Ukanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo: uzoefu wangu na wanafunzi wa chuo Yakutsk

Kwa anayefuatilia afya ya wanafunzi katika mji kama Yakutsk, huko Siberia nchini Urusi, ambako wastani wa Januari hukaribia nyuzi 40 chini ya sifuri, ushauri wangu ni huu: achana na saa janja, nunua ukanda wa kifuani. Saa hupima kwa mwanga unaofuata damu chini ya ngozi. Baridi ikizidi, mishipa ya mkono hujibana, damu hupungua pale saa ilipo, nayo huanza kufuata mdundo wa hatua badala ya moyo. Mwanafunzi anakwenda taratibu na skii (mbao za kutelezea thelujini), saa inasoma 170, ukimshika shingoni unahesabu 130. Ukanda husoma umeme wa moyo wenyewe, na kwa kuwa unakaa chini ya nguo, betri yake haipigwi na baridi.

Masharti unayo. Hewa ya ndani ya majengo yanayopashwa joto huwa kavu mno, na ngozi kavu haipitishi umeme vizuri. Lowesha kwa maji zile sehemu mbili zinazogusa ngozi, au paka jeli inayotumika hospitalini kupimia moyo. Vaa chini kidogo ya misuli ya kifua, ukibana kiasi cha kutoteleza mtu anaporuka. Ukiona 210 na mtu ameketi, kwanza angalia kama ukanda umekauka, kisha angalia fulana: kitambaa cha nailoni kikisuguana na ukanda kwenye hewa kavu huzalisha umeme. Fulana ya pamba hutatua hilo.

Mimi huutumia zaidi kwa kipimo cha Ruffier, kinachoonyesha jinsi moyo unavyostahimili mazoezi, na hapo ndipo ukanda unaporudisha gharama yake. Mwanafunzi akitoka nje, apumzike ndani angalau dakika 20 kwanza, kwa sababu baridi huvuruga presha na mapigo. Kisha akae kimya dakika 5, uandike mapigo. Achuchumae na kusimama mara 30 kwa sekunde 45. Weka metronomu ya simu (programu ya kupiga mdundo) kwenye midundo 40 kwa dakika, la sivyo wengi huanza kwa pupa na kumaliza kwa kujikokota. Andika mapigo ya mwanzo wa mapumziko na ya mwisho wa dakika ile ya kwanza. Jumlisha yote matatu, toa 200, gawa kwa 10. Mfano: 72, 126 na 90 ni 288, jibu ni 8.8, yaani wastani. Chini ya 3 ni vizuri sana. Ikizidi 15, mpeleke kwa daktari kabla ya kumruhusu kwenye skii.

Kosa linalowaponyoka wengi liko kwenye namba ya pili. Kipimo cha asili huhesabu mapigo ya sekunde 15 kisha kuzidisha kwa 4, ilhali ukanda hukupa kilele papo hapo. Ukiandika kilele, mwanafunzi mzima ataonekana dhaifu. Chukua wastani wa zile sekunde 15.

Kwa wenzetu wa Afrika Mashariki wanaosoma huko, neno moja kuhusu kipima oksijeni cha kidoleni. Kidole cha baridi husomeka chini kuliko hali halisi, kwa hiyo kipashwe joto kwanza. Kwenye ngozi nyeusi kifaa hicho huweza kusoma juu kuliko hali halisi, jambo lililoonyeshwa na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020. Anayehema kwa shida au kubanwa kifua baada ya mazoezi ya nje asirudishwe uwanjani eti kwa kuwa kifaa kimesoma asilimia 96.

Utunzaji: chomoa kihisi (kile kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye ukanda) kila baada ya kutumia, maana kikiachwa kwenye ukanda wenye unyevu huendelea kula betri. Suuza ukanda kwa maji ya uvuguvugu, usiuanike juu ya bomba la joto, mpira utapasuka. Kwa kundi zima, nunua vihisi vichache na ukanda mmoja kwa kila mwanafunzi. Kihisi hufutwa kwa maji yenye sabuni kidogo na kuhamishwa, ukanda wenye jasho haufai kuazimana.