Patent Blue V: rangi nzuri ya kutafutia tezi, ila adrenalini iwe mkononi

Kazi ya rangi hii ya buluu katika upasuaji wa saratani ya ziwa ni kumwonyesha daktari mpasuaji tezi ya kwapani inayotangulia kupokea maji ya limfu kutoka kwenye ziwa lenye saratani. Ampuli ya ml 2, nguvu ya asilimia 2.5, huzimuliwa kwa maji ya chumvi hadi ml 5 na kudungwa karibu na chuchu mgonjwa akiwa nusukaputi. Ziwa likisuguliwa dakika chache, tezi inajitokeza wazi. Kwa kazi hiyo tunaisifu bila kusita, maana ikiwa tezi hiyo haina saratani, mgonjwa hang'olewi tezi zote za kwapa na kubaki na mkono wa kuvimba.

Ila yake ni mzio. Uingereza, wagonjwa 7,917 walifuatiliwa na matokeo yakatolewa mwaka 2010: karibu 9 kwa kila 1,000 walipata madhara, na kama 6 kwa kila 10,000 walipata mzio mzito. Ni wachache, lakini mzio huu una hila. Mzio wa antibayotiki ya mshipani humshika mtu ndani ya dakika chache. Rangi hii hupenya polepole, na presha yaweza kuanguka nusu saa baadaye, wakati mwili umefunikwa kwa shuka, hivyo mabaka ya ngozi hayaonekani. Tena rangi hufyonza mwanga wa kipimo cha kidoleni, kikasoma oksijeni ya chini isivyo. Basi tazameni presha na kifua, msitegemee kipimo cha kidoleni peke yake.

Mzio ukianza, adrenalini ndiyo ya kwanza: mtu mzima mikrogramu 50 mshipani kutoka kwa mtaalamu wa usingizi, zirudiwe kwa kadiri ya presha, kama hakuna mshipa, mg 0.5 kwenye msuli wa paja. Oksijeni kamili, miguu juu, maji ya dripu ml 500 hadi 1,000 kwa kasi. Piritoni na haidrokotisoni hazishiki nafasi hiyo. Damu ya kupima triptesi, kemikali inayopanda mtu akipata mzio, ichukuliwe mara moja hali ikitulia, tena baada ya saa 1 hadi 2, kisha baada ya saa 24.

Methilini buluu, rangi nyingine ya kazi hiyohiyo, ni ya bei nafuu zaidi na mzio wake ni nadra. Lakini ikidungwa juujuu huozesha ngozi, hugombana na baadhi ya dawa za sonona, na kwa mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, huvunja chembe hizo. Pwani yetu ya Kenya upungufu huo ni wa kawaida, kwa hiyo ulizeni kabla.

Mkojo wa kijani siku moja au mbili usiwatishe jamaa. Aliyepata mzio asikimbizwe boti ya Mokowe kurudi Lamu siku hiyohiyo, kwani mzio huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Na kwenye kadi yake liandikwe jina kamili, Patent Blue V, si "aleji ya dawa" tu.