Uzoefu wangu: baiskeli ya kukodi kwenye vijiji vya Alpujarra, Hispania

Nilicholipia ni hiki: baiskeli ya mbio ya kukodi, vyumba kwenye nyumba za wageni za vijijini, na gari la kuhamisha mabegi kutoka kijiji hadi kijiji wakati sisi tuko barabarani. Kiongozi hakuna. Unapewa ramani kwenye simu na namba ya WhatsApp ya ofisini, halafu kila mtu na miguu yake. Kampuni siitaji. Zipo kadhaa kusini mwa Hispania zinazouza huduma ya namna hii, na mengi nitakayoyasema yatakufaa hata ukikodi kwingine.

Tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu wa Tanga. Mimi ni mzaliwa wa Old Moshi lakini naishi Uholanzi, ambako kilima kikubwa ninachokutana nacho kila wiki ni daraja. Shemeji ni mtu wa pwani, milima huiangalia kwenye picha. Nayataja haya ili ujue kwamba anayekusimulia si mwanariadha, na kwamba barabara niliyoipenda hivi inapandika na mtu wa kawaida.

Alpujarra iko upande wa kusini wa safu ya milima ya Sierra Nevada, katika mikoa ya Granada na Almería. Juu ya vijiji umesimama Mulhacén, mita 3,479, kilele kirefu kuliko vyote kwenye Rasi ya Iberia. Barabara yenyewe ni A-4132. Inaanzia karibu na mji wa Órgiva, kwenye mita kama 450 kutoka usawa wa bahari, inapita Pampaneira, Pitres, Pórtugos na Busquístar, na inafika Trevélez karibu na mita 1,500. Ni kilomita kama 35 hivi. Ukigawanya utaona mwinuko si wa kutisha, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: inapanda muda mrefu bila kukukaba koo. Unakaa kwenye gia moja, unapumua, unahesabu kona. Ukichoka kweli kweli, mbele kuna kijiji chenye bomba la maji na benchi.

Sasa baiskeli. Kwa baiskeli peke yake tulilipa euro 45 kwa siku kila mmoja: fremu ya kaboni, breki za diski, tairi za milimita 28. Lakini kitu cha kuuliza kabla hujalipa hata senti ni meno ya gia. Za kwetu zilikuwa na meno 50 na 34 mbele, na nyuma gia kubwa kabisa ilikuwa na meno 34. Maana yake, kwenye gia nyepesi pedali ikizunguka mara moja na gurudumu la nyuma linazunguka mara moja. Hicho ndicho kilichotufikisha. Tulikutana na Mjerumani mmoja aliyekodi kwingine akapewa baiskeli yenye gia nzito za tambarare. Alikuwa amesimama kwenye pedali tangu Órgiva, uso mwekundu, na hakuwa na hamu ya mazungumzo. Baiskeli nzuri yenye gia mbaya ni mzigo tu, usidanganywe na jina lililoandikwa kwenye fremu.

Fundi wa kampuni nampa alama zote. Ni mzee wa maneno machache. Alinipandisha kwenye baiskeli nikiwa nimeegemea ukuta, akashusha siti kidogo, akaniambia nizungushe pedali kinyumenyume, akaangalia goti langu, akaipandisha tena kwa upana wa ukucha. Kisha akatupeleka kwenye kichochoro cha pembeni ya duka, mteremko mkali wa mawe, akataka tushuke na kufunga breki ya nyuma, halafu ya mbele, halafu zote pamoja. Shemeji alifunga ya mbele kwa pupa, gurudumu la nyuma likanyanyuka. Mzee hakucheka. Alimrudisha juu na kumshusha tena mpaka aliporidhika. Siku ya kuteremka kutoka kijiji cha Capileira nilielewa kwa nini. Kona zinakuja moja baada ya nyingine, kushoto ukuta wa mwamba, kulia korongo la Poqueira, na ukizibana breki muda wote vidole vinakufa ganzi. Unafunga kabla ya kona, unaachia ndani ya kona.

Njia ya kwenda Capileira inachepuka kutoka kwenye A-4132 baada ya Pampaneira na kupita Bubión. Usiikose, hata kama ratiba ya kampuni inaiita ya hiari. Mashindano ya baiskeli ya Vuelta a España ya mwaka 2015 yalimalizia hatua ya 7 kwenye mpando huu, na mshindi alikuwa Mholanzi Bert-Jan Lindeman, jambo ambalo majirani zangu wa Uholanzi hawachoki kunikumbusha. Mimi huwajibu kwamba kwenye msafara ule alikuwamo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuja kuichukua Vuelta nzima mwaka 2017. Wananyamaza kidogo.

Vijiji vitatu hivi vya Poqueira vimeganda kwenye ubavu wa korongo, kimoja juu ya kingine, nyeupe tupu. Nyumba hazina mapaa ya vigae kama sehemu nyingi za Hispania. Zina paa bapa: boriti za mti, juu yake mawe membamba, na juu kabisa udongo wa kijivu wanaouita launa, ambao ukilowa unashikana na kuzuia maji. Mabomba ya moshi yamesimama juu ya mapaa hayo yakiwa na kofia za mawe. Vichochoro vingine vinapita chini ya vyumba vya watu, na katikati ya njia kuna mfereji mdogo wa maji yanayokimbia. Mtindo huu ni urithi wa Waislamu na wazao wao waliokaa huku hadi baada ya uasi wao wa 1568 hadi 1571, walipofukuzwa, kisha familia za kutoka kaskazini zikaletwa kujaza vijiji. Mifereji ya kumwagilia mashamba waliyoiacha bado inafanya kazi. Nilipoiona ikikata ubavu wa mlima, maji yakienda taratibu kama yamepimwa kwa pima maji, nilidhani niko kwenye mifongo ya kwetu Kilimanjaro. Nilimsimamisha shemeji kumwonyesha. Akasema, "Sawa shemeji, lakini chakula saa ngapi?"

Swali zuri, na hapa ndipo ratiba ya kampuni ilipotuangusha. Huku maduka mengi yanafungwa kuanzia saa nane mchana na hayafunguliwi mpaka saa kumi na moja au zaidi. Chakula cha usiku kabla ya saa mbili na nusu utakitafuta sana. Wenyeji wanakula saa tatu, hata saa nne. Ratiba ilitufikisha kijijini saa tisa kila mara, yaani katikati ya usingizi wa kijiji kizima, na hakuna mahali ilipoandikwa "nunua mkate asubuhi". Tangu siku tuliyoambulia pakiti ya karanga, tulianza kununua mapema: mkate, jibini ya mbuzi, ndizi. Asubuhi hakuna shida. Baa za vijijini zinafungua mapema na utapata mkate wa kuchoma wenye nyanya ya kusaga na mafuta ya zeituni, na kahawa ya maziwa, kwa bei ndogo.

Kwa wasiokula nguruwe, soma hapa taratibu. Trevélez inajulikana Hispania nzima kwa mapaja ya nguruwe yanayokaushwa kwa hewa baridi ya mlimani. Ukiingia baa yananing'inia darini kwa makumi, kila moja limefungiwa kikombe kidogo chini cha kukinga mafuta. Mlo maarufu wa Alpujarra ni viazi vilivyokaangwa na pilipili hoho na kitunguu, mayai, na juu yake nyama za nguruwe za aina tatu au nne. Shemeji ni Mwislamu. Siku ya kwanza akaagiza samaki, trauti wa mtoni, akijua yuko salama. Alipomkata, ndani kuna kipande cha nguruwe.

"Shemeji, wameweka hata kwenye samaki!"

Mwenye baa alisikitika kwa dhati, akachukua sahani na kumletea mayai na viazi vitupu. Kwa hiyo sema *sin cerdo* (bila nguruwe) na pia *sin jamón* (bila paja la nguruwe lililokaushwa), yote mawili, maana kwa wengi huku jamón haihesabiwi kama nyama ya nguruwe, ni kiungo. Maharage, mboga za majani, supu, uliza kila kitu. Viazi vile, bila nyama, ni chakula safi kabisa cha mpanda mlima. Na katika mkoa wa Granada ukiagiza kinywaji, hata soda, mara nyingi unaletewa kisahani cha chakula bure. Nacho ulizia.

Maji hayana taabu. Kila kijiji kina bomba la umma, na penye shaka kuna kibao: *no potable* usinywe. Linalostahili kusimama ni la Fuente Agria, kando ya barabara ukishapita Pórtugos. Maji yanatoka na chuma na gesi yake ya asili. Yanachoma ulimi kidogo kama soda iliyokaa wazi, halafu yanaacha ladha ya msumari, na mawe yanakopita yamekuwa mekundu kama kutu. Bibi mmoja aliyekuwa anajaza madumu alitupisha ili tunywe kwanza. Mimi nilikunywa vikombe viwili. Shemeji alionja, akatema, akajaza chupa yake kwenye bomba la kijiji kilichofuata.

Kuhusu magari, nilikwenda na hofu na nikarudi nikitamani madereva wetu wakasome huko. Sheria ya Hispania inamtaka dereva aache angalau mita moja na nusu anapompita mwendesha baiskeli, na kwenye njia hizi nyembamba wanaifuata. Basi la abiria lilikaa nyuma yetu kona kadhaa bila honi, likasubiri panyooke ndipo likapita, na dereva akainua mkono. Nawe una wajibu wako: helmeti ni lazima nje ya miji, na taa uwe nazo. Mbuzi hawana sheria. Ukisikia kengele mbele ya kona, punguza mwendo.

Malalamiko yangu makubwa ni mawili. La kwanza ni faili la ramani. Baada ya Pitres lilitushusha kwenye vijiji vya chini, Mecina, Fondales, Ferreirola, vizuri ajabu na kimya, halafu likatuonyesha mstari wa kutoka Ferreirola hadi Busquístar. Mstari ule ni njia ya miguu ya mawe, ya punda na wapanda milima wenye viatu vya buti. Kwa tairi za milimita 28 ni pancha na meno kung'oka. Tukageuka na kupanda tena mpaka barabara kuu, jua la saa saba utosini. Ofisi ilipoulizwa ikajibu kwamba faili liliandaliwa kwa ajili ya baiskeli za mlimani na "litatenganishwa". Kwa bei ile lingetenganishwa kabla sijafika.

La pili ni mabegi. Tuliahidiwa yatatutangulia. Pampaneira yalitutangulia kweli. Trevélez yalifika jua limeshazama, nasi tumekaa na nguo zenye jasho kwenye mita 1,476, ambako hata mwishoni mwa Mei jioni ina baridi inayoingia mifupani. Mama mwenye nyumba ya wageni alitupa mablanketi na chai ya maua ya mlimani bila kuombwa. Dereva alipofika alisema gari lilikuwa na wateja wengine. Tangu hapo nilibeba koti jepesi na soksi kavu mfukoni mwa jezi, na nakushauri ufanye hivyo hata kampuni ikuahidi nini.

Msimu: Mei, Juni mwanzoni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto la bonde la Órgiva si la kuchezea, na katikati ya baridi barabara ya juu inaweza kuwa na barafu. Kufika, panda basi kutoka Granada, linapita Lanjarón na Órgiva mpaka vijiji vya juu. Teksi ya kutoka uwanja wa ndege wa Málaga itakula bajeti yako ya chakula. Anayetoka nyumbani Tanzania au Kenya aongeze viza ya Schengen, ada yake euro 90 kwa mtu mzima, na aombe mapema.

Nyota ningezigawa hivi: baiskeli na fundi tano, nyumba za wageni tano, mabegi tatu, ramani moja. Ningekodi tena kwao, lakini ningechukua baiskeli na vyumba tu, na njia ningeipanga mwenyewe nikifuata lami ya A-4132, maana haihitaji faili. Mabegi ningeyaacha yote Órgiva na kwenda na kijimfuko cha nyuma ya siti.

Ukiweka nafasi, andika kimo chako na urefu wa mguu wa ndani, usiandike tu "ndogo" au "kubwa". Saizi ndogo huisha mapema, na shemeji, ambaye si mrefu, alipata ya mwisho. Pedali wanazokupa ni za kawaida; kama una viatu vya klipu njoo na pedali zako, fundi atazifunga bila malipo.