Fundi wa mavazi ya kiaskofu, Ngamiani: kanzu safi, kofia bado

Duka ni la chumba kimoja Ngamiani, Tanga, lina cherehani tatu, na riziki yake kubwa ni kanzu za Ijumaa na sare za shule. Nguo za makasisi hushonwa kwa oda tu. Hapo ndipo faida ilipo: fundi aliyekulia kwenye kanzu ya Pwani hasahau kikwapa, kile kipande kinachoongezwa chini ya kwapa. Askofu huinua mikono akibariki, na siku ya kipaimara huwawekea watoto mikono mmoja mmoja, pengine saa nzima. Kanzu isiyo na kikwapa hupanda mpaka soksi zikaonekana, kisha ikachanika ubavuni.

Mtu wa sentimita 175 anahitaji mita 4 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Zambarau ikatwe jora moja pamoja na ya mshipi. Majora mawili yanayofanana dukani hutofautiana juani. Pamba iloweshwe na kukaushwa kabla ya mkasi, maana ikirudi baada ya kushonwa, pindo la sentimita 3 analoweka fundi huyu haliokoi kitu. Mwambie aweke 6. Wapo wanaotaka vifungo 39, kwa hesabu ya zile Ibara 39 za imani ya Kianglikana: vikiachana sentimita 3.5 vinashuka sentimita 133 kutoka kolani, na mtu mfupi vitamfika miguuni. Hapa hushona vifungo vya pambo na kuficha zipu chini yake. Kubali.

Stola, ule ukanda mrefu wa kitambaa wa ibada, ndiyo kazi yao nzuri kuliko zote. Misalaba hudariziwa kwa mkono. Shemasi huivaa begani kushoto, ikakatiza kifua hadi ubavu wa kulia. Padri na askofu huilaza shingoni, ncha zikashuka mbele. Kwa hiyo, stola ya shemasi isishonwe moja kwa moja pale ubavuni. Ikifungwa kwa kamba ndogo, mwenyewe ataivaa mpaka uaskofu. Hata Askofu Mkuu hubaki na dayosisi yake, kama John Ramadhani alivyobaki na Zanzibar na Tanga alipokuwa Askofu Mkuu wa Anglikana Tanzania kuanzia 1984, basi hakuna seti nyingine ya kushona.

Tanga ni nchi iliyolelewa na UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoshika mavazi ya ibada karibu na ya Kikatoliki, misheni ya Frank Weston, askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi alipofia Hegongo, Muheza, 1924. Kazula (vazi la juu la misa), joho na kofia ya kiaskofu si vitu vigeni huku, na fundi hahitaji kuelezwa. Anayetoka upande wenye mizizi ya CMS, misheni ya Kianglikana isiyopenda mapambo mengi, mathalani Dodoma, na anataka lile vazi jeupe la mikono mipana na joho lisilo na mikono juu yake, aje na sampuli.

Kofia ndiyo inayowaangusha. Ndani wanaweka boksi, na bitana wanaibandika kwa gundi. Kwa unyevu wa bahari na jasho la kichwa, boksi hulainika na zile ncha mbili huanza kusalimiana. Peleka wavu mgumu wa plastiki, dai bitana ishonwe, na ukanda wa pamba wa paji la uso uwe wa kutoa na kufua. Kipimo ni mzunguko wa kichwa na sentimita 1 ya ziada, kimo 30, mikia miwili ya nyuma 40. Pasi nayo waiangalie: poliesta isiyofunikwa kitambaa kibichi hung'aa pale ilipopita, na mng'ao huo hautoki.

Malipo ni nusu kwanza, kujaribisha mara moja, wiki tatu. Mwezi wa Ramadhani ukiingia hesabu wiki tano, maana kanzu za Idi ndizo hutangulia.